Emily Dickinson na mikono iliyomfikisha kwetu

Ukishika vitabu viwili vya mashairi ya Emily Dickinson, mshairi wa Marekani wa karne ya 19, kimoja cha zamani na kingine cha miaka ya karibuni, utashangaa kukuta shairi moja limekuwa mawili. Kwenye kile cha zamani lina kichwa, koma na nukta zimekaa mahali pake, vina vimetulia. Kwenye kile kipya halina kichwa. Vistari vinaikata mishororo katikati, herufi kubwa zinajitokeza pasipotarajiwa, na pengine kuna ubeti mzima ambao kitabu cha kwanza hakikuwa nao. Wengi hudhani kiwandani kulifanyika kosa. Kosa halikuwepo. Tofauti hizo ziliwekwa kwa makusudi, na ukizifuata nyuma unafika kwenye nyumba mbili zilizopakana katika mji mdogo wa Amherst, jimbo la Massachusetts, na kwenye ugomvi wa kifamilia uliodumu zaidi ya nusu karne.

Chukua shairi lake linalojulikana kuliko yote, lile ambalo Mauti anakuja na gari la farasi kumchukua msemaji. Wanapita shule, wanapita mashamba ya nafaka, wanalipita jua linalozama, kisha wanasimama mbele ya nyumba iliyovimba kama tuta la udongo. Ni kaburi. Dickinson aliliandika karibu mwaka 1862. Katika ubeti wa tatu watoto wa shule wanashindana wakati wa mapumziko, wamefanya duara, na mshororo wa pili unaishia na neno “Ring”, yaani duara. Mshororo wa nne unaishia na “Sun”, jua. Sikio la mwaka 1890 halikukubali kuviita hivyo vina. Basi wahariri wa kitabu chake cha kwanza waliwatoa watoto kwenye duara, wakaandika kwamba masomo ndiyo kwanza yamekwisha, ili mshororo uishie na “done”, yamekwisha, na sikio lipate kutulia.

Ubeti unaotaja kaburi nao uliguswa. Dickinson alilitumia neno “Ground” mwisho wa mshororo wa pili, akalirudia mwisho wa wa nne, ardhi juu ya ardhi, kama mtu aliyefika mahali ambapo hakuna neno jingine la kusema. Wahariri wakaliondoa la pili, wakaweka “mound”, tuta. Lakini lililoniuma mimi ni ubeti wa nne, waliouondoa wote. Humo msemaji anajisahihisha: hatukulipita jua, jua ndilo lililotupita sisi. Umande unashuka, baridi inaingia, na mwanamke huyu amevaa nguo nyepesi kama utando wa buibui. Hapo ndipo safari inapogeuka. Ukiutoa ubeti huo, shairi linabaki kuwa matembezi ya jioni na mgeni mwenye adabu. Kwa zaidi ya miaka 60 wasomaji wa Marekani walilisoma hivyo, wakalipenda, wakalifundisha.

Nani aliyefanya hivi, na kwa idhini ya nani?

Emily alizaliwa tarehe 10 Desemba 1830. Babu yake alikuwa miongoni mwa waasisi wa Chuo cha Amherst, na baba yake, Edward, alikuwa wakili, mweka hazina wa chuo hicho, na kwa kipindi kimoja mjumbe wa Bunge la Marekani. Nyumba yao ya matofali barabara kuu ilijulikana na mji mzima. Picha ya mwanamke aliyejifungia chumbani maisha yake yote haikubaliani na kumbukumbu zilizopo. Alisoma shule ya wasichana ya Mount Holyoke mwaka 1847 hadi 1848, alisafiri Washington na Philadelphia mwaka 1855, na mwaka 1856 mkate wake wa mahindi na rai, nafaka jamii ya ngano, ulipata zawadi ya pili kwenye maonyesho ya kilimo ya Amherst. Alikusanya na kukausha zaidi ya aina 400 za mimea kwenye daftari moja. Barua zake zilizosalia zinapita 1,000. Ni kweli kwamba miaka ya baadaye aliacha kutoka, akawa anazungumza na wageni akiwa nyuma ya mlango uliofunguliwa nusu. Lakini aliyejitenga na mji hakuwa amejitenga na watu. Mtu aliyemwandikia kuliko wote alikaa nyumba ya pili, mwendo wa dakika moja kwa miguu.

Huyo ni Susan Gilbert. Alikuwa rafiki wa Emily tangu usichana, na mwaka 1856 akaolewa na Austin, kaka yake Emily, akawa wifi. Baba mkwe akawajengea nyumba pembeni ya ile ya matofali. Kati ya nyumba hizo mbili kulikuwa na kijia, na mashairi yalipita kijia hicho kwa miaka 30. Susan alipokea zaidi ya mashairi 250. Alikuwa msomaji anayejibu, anayekataa ubeti, na Emily alikuwa akimrudishia ubeti mwingine. Tafadhali mshike Susan kichwani, maana tutamkosa baadaye.

Sasa tuone alivyofanya kazi, kwa sababu mkanganyiko wote unaanzia mezani pake. Kuanzia kama mwaka 1858 hadi 1864, Dickinson alikuwa akinakili mashairi yake kwa wino kwenye karatasi zilizokunjwa mara moja. Akizipanga moja juu ya nyingine, anatoboa matundu mawili ubavuni, anapitisha uzi, anafunga. Vijitabu hivyo viko 40. Vingi aliviandaa katika miaka ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, wakati vijana wa Amherst wakirudishwa wamekufa, na mwaka 1863 peke yake aliandika karibu mashairi 300. Hakuweka vichwa. Hakuweka namba za kurasa. Badala ya nukta na koma alitumia vistari, vingine virefu, vingine vifupi kama tone, vingine vimeinama.

Na si hayo tu. Ukiitazama miswada yenyewe utaona kijialama cha msalaba kando ya neno fulani. Chini ya ukurasa kuna msalaba mwingine kama huo, na mbele yake neno jingine, wakati mwingine matatu au manne. Hayo ni maneno mbadala. Mshairi hakuwa amechagua, au alichagua kutochagua. Mchapaji afanyeje? Kitabu kinataka neno moja mahali pamoja. Kila mhariri wa Dickinson, hata yule mwaminifu kuliko wote, analazimika kuamua jambo ambalo mwenyewe aliliacha wazi.

Kuhusu umbo, msomaji wa Kiswahili ana bahati, kwa kuwa tumezoea kuhesabu mizani. Mashairi mengi ya Dickinson yanakwenda kwa mizani 8, kisha 6, kisha 8, kisha 6. Ni mizani ya nyimbo za kanisani alizozisikia tangu utotoni, na ni hiyohiyo ya “Amazing Grace”. Shairi la Mauti na gari la farasi unaweza kuliimba kwa sauti ya wimbo huo likakaa sawasawa. Alichokifanya ni kuchukua ala ambayo kila muumini wa Amherst aliijua, kisha akavunja vina vyake kidogo tu, kiasi cha kumfanya msikilizaji ahisi hatua imekosa ngazi. “Ring” na “Sun” zote zinaishia puani, zinakaribiana bila kukutana. Kwake huko kukaribiana kulikuwa na kazi. Anazungumzia kifo, na wimbo unakataa kufunga.

Basi kwa nini hakuchapisha? Jibu rahisi ni aibu, nami siliamini. Mwezi Aprili 1862 alimwandikia Thomas Wentworth Higginson, mwandishi wa Massachusetts aliyekuwa mpinzani mkali wa utumwa, akamtumia mashairi manne na kumuuliza kama beti zake zina uhai. Barua haikuwa na sahihi. Jina lake alikuwa ameliandika kwa penseli kwenye kadi ndogo ndani ya bahasha nyingine. Mwenye aibu haandiki barua ya namna hiyo kwa mtu maarufu asiyemjua. Higginson alishauri asubiri. Wakaendelea kuandikiana miaka 24. Alipomtembelea Agosti 1870, Emily aliingia sebuleni na mayungiyungi mawili, akamwambia huo ndio utambulisho wake. Usiku Higginson alimwandikia mkewe kwamba hajawahi kukutana na mtu aliyemchosha nguvu za ndani namna ile, na kwamba anafurahi haishi karibu naye.

Machache yaliyochapishwa akiwa hai, kama kumi hivi, yote bila jina lake, yalimfundisha atarajie nini. Mwaka 1866 gazeti moja la Springfield lilitoa shairi lake la nyoka, likalipa kichwa ambacho kinafichua nyoka kabla msomaji hajamwona majanini, na likaweka alama ya kituo mahali alipotaka mshororo umwagikie kwenye mshororo unaofuata. Alimwandikia Higginson kulalamikia alama hiyo moja. Mtu anayelalamikia alama moja anajua vizuri kitakachotokea kwa mashairi 1,800. Helen Hunt Jackson, mshairi mashuhuri aliyezaliwa Amherst mwaka uleule wa 1830, alimsihi kwa miaka, akamwambia yeye ni mshairi mkubwa na kwamba anaikosea zama yake kwa kutoimba kwa sauti. Alifanikiwa kupata shairi moja tu, likatoka mwaka 1878 katika mkusanyiko wa washairi wasiotajwa majina. Baadhi ya wasomaji walidhani ni la Ralph Waldo Emerson, mwandishi mashuhuri wa Marekani wa zama hizo.

Emily alifariki tarehe 15 Mei 1886, akiwa na miaka 55. Vibarua wa Kiayalandi waliokuwa wakifanya kazi kwa familia walilibeba jeneza lake kupitia mlango wa nyuma, wakakata mashambani hadi makaburini, kama alivyoagiza. Mdogo wake Lavinia, ambaye naye hakuolewa, alichoma barua alizokuwa ameandikiwa dada yake, kwa kuwa ndivyo alivyoombwa. Kisha akafungua kasha la chumbani, akakutana na mashairi. Hakuwa na agizo lolote kuhusu hayo.

Lavinia hakuwa mtu wa fasihi. Alijua tu kwamba yale lazima yatoke, na aliling'ang'ania jambo hilo kama mama anayetafutia mwanawe shule. Alimpelekea Susan kwanza. Susan alikuwa na wazo lake: kitabu cha familia, cha polepole, chenye barua na michoro na vichekesho vya Emily pamoja na mashairi. Miezi ikapita, Lavinia akachoka kusubiri, akayachukua, akampelekea mwanamke mwingine, na hapo ndipo moto ulipowaka.

Mabel Loomis Todd alikuwa mke wa profesa wa elimu ya nyota katika Chuo cha Amherst. Alikuwa kijana, mchoraji, mpiga piano, mwenye nishati isiyoisha. Tangu mwaka 1882 alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na Austin, mume wa Susan, na mara nyingi walikutania ndani ya ile nyumba ya matofali, Emily na Lavinia wakiwemo. Emily hakuwahi kuonana naye uso kwa uso. Mabel alipiga piano sebuleni, Emily akasikiliza kutoka juu, kisha akamteremshia glasi ya sheri, yaani mvinyo, na shairi. Kwa hiyo Lavinia alipoyatoa mashairi kwa Susan akayapeleka kwa Mabel, aliyatoa kwa mke akayapeleka kwa mwanamke aliyekuwa akimchukulia mumewe.

Tusimdhulumu Mabel. Aliuelewa mwandiko ambao wengine walishindwa kuusoma. Aliyanakili mamia ya mashairi kwa mkono na kwa taipureta, akamshawishi Higginson aliyekuwa na mashaka, na mwezi Novemba 1890 kitabu kikatoka Boston. Mchapishaji alikuwa na mashaka kiasi cha kumtaka Lavinia alipie mabamba ya kuchapia. Kikachapwa mara 11 ndani ya miaka miwili. Vitabu viwili zaidi na mkusanyiko wa barua vikafuata kabla ya mwaka 1897. Mabel na Higginson ndio waliotia vichwa, waliorekebisha vina, waliofuta ubeti ule. Walitaka apendwe, na walijua magazeti ya Boston yangemfanya nini akitoka kama alivyo. Nawaelewa, na bado naona walimpunguza.

Austin alikufa mwaka 1895. Alikuwa ametaka Mabel apate kipande cha ardhi ya familia karibu na nyumba ya akina Todd, na Lavinia akatia saini hati. Baadaye akasema alidanganywa, akamfungulia Mabel kesi. Mwaka 1898 mahakama ilimpa Lavinia ushindi, na rufaa ya Mabel ikaanguka. Mabel akachukua mashairi yote aliyokuwa nayo, mamia, akayafungia kwenye sanduku la mti wa kafuri. Halikufunguliwa kwa zaidi ya miaka 30. Hebu fikiria. Kipande cha shamba kilizima sauti ya mmoja wa washairi wakubwa wa nchi ile kwa kizazi kizima.

Mabinti walirithi vita. Martha, binti wa Susan, akaanza kuchapisha mashairi ya shangazi yake kutoka nyumba ya pili mwaka 1914, na mwaka 1924 akatoa kitabu alichokiita mashairi kamili, ilhali sehemu kubwa ya urithi ilikuwa sandukuni kwa akina Todd. Millicent, binti wa Mabel, akajibu mwaka 1945 kwa kutoa mashairi zaidi ya 600 ambayo dunia haikuwa imeyaona. Miswada ya upande mmoja ikaishia Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1950, ya upande wa pili ikaenda Chuo cha Amherst mwaka 1956. Mpaka leo imegawanyika hivyo. Mtu alikuwa akihitaji kufunga safari mbili amwone mshairi mmoja, hadi mwaka 2013 picha za miswada zilipowekwa pamoja kwenye intaneti.

Mwaka 1955 msomi wa fasihi Thomas H. Johnson alitoa toleo la juzuu tatu lenye mashairi 1,775. Vistari vikarudi, vichwa vikaondoka, ubeti wa nne ukarudi kwenye shairi la Mauti. Hilo ndilo linalofanya vitabu vyako viwili vitofautiane: kimoja kimetokana na mkono wa Mabel, kingine na kazi ya Johnson na waliomfuata. Lakini palibaki tatizo jingine. Mabel alikuwa amezikata nyuzi za vijitabu ili anakili kwa urahisi, na karatasi zikachanganyika. Shairi gani lilikaa kando ya lipi? Msomi mwingine, R. W. Franklin, aliifanya kazi hiyo kama fundi. Alilinganisha matundu ya sindano karatasi kwa karatasi. Alifuata doa lililopenya kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, alama ya pini, aina ya karatasi, mkunjo uliokaa mahali pamoja kwenye karatasi mbili. Mwaka 1981 alitoa picha za vijitabu vyote 40 katika mpangilio wake, na mwaka 1998 toleo lake la mashairi 1,789. Namba hizo mbili zinazotofautiana zinatokana zaidi na swali la wapi shairi moja linaisha na jingine linaanza, hasa kwa yale ya miaka ya mwisho, aliyoyaandika kwenye migongo ya bahasha na hata kwenye karatasi ya kufungia chokoleti.

Na Susan? Katika moja ya vijitabu lipo shairi ambalo Emily anasema ana dada mmoja nyumbani na mwingine ng'ambo ya ua. Wa ng'ambo ya ua ni Susan. Mtu fulani alilifuta kwa wino mzito, mshororo kwa mshororo, na kwenye barua za zamani jina la Susan limekwanguliwa. Tunalisoma shairi hilo leo kwa sababu moja: Emily alikuwa amempa Susan nakala, na Susan aliitunza. Vitabu vya kwanza vilimtoa wifi kabisa kwenye maisha ya mshairi, na ndipo ilipopata nafasi hadithi ya mpweke mwenye nguo nyeupe asiye na msomaji. Kwa miaka mingi wasomaji walitafuta mwanamume fulani aliyemvunja moyo, wakati jirani aliyesoma mashairi 250 alikuwa amefunikwa na wino.

Kila ninapoifikiria hadithi hii, akili yangu inarudi nyuma, mji wa Boston, miaka mia moja kabla. Phillis Wheatley aliletwa huko mwaka 1761 kutoka Afrika Magharibi, mtumwa, mtoto wa kama miaka saba. Kitabu chake kilitoka London mwaka 1773, kikiwa na ukurasa wa mbele ambapo waungwana 18 wa Boston, gavana akiwemo, walithibitisha kwamba mashairi ni yake kweli. Alipata uhuru wake. Mwaka 1779, katikati ya vita vya uhuru wa Marekani, alitangaza kitabu cha pili: mashairi 33 na barua 13. Hakupata wanunuzi wa kutosha. Alikufa Desemba 1784, maskini, na hakuwa na nyumba ya matofali, wala mdogo wake mwenye fedha za kulipia mabamba, wala wifi ng'ambo ya ua. Miswada ya kitabu hicho ilipotea. Shairi moja moja limejitokeza baadaye kwenye karatasi za watu, lakini mengi hayajapatikana. Tangazo la 1779 lipo, na ndani yake vichwa vya mashairi vimeorodheshwa kimoja baada ya kingine.